Kutoka Kifusi cha Manda Hadi Kidani: Namna ya Kung'arisha Jiwe la Tumbawe kwa Mkono

Jiwe lililojenga Lamu lina maua ndani yake. Ukuta ukishapigwa lipu hayaonekani tena, lakini chukua kipande kilichovunjika karibuni kutoka machimbo ya Maweni, katika kisiwa cha Manda, ukilowanishe na ukielekeze kwenye jua. Utaona nyota ndogo zilizopangana, au vijia vinavyozunguka na kujirudia, au mistari myembamba inayokwenda sambamba. Hiyo ni mifupa ya matumbawe ya kale. Mwamba mwingi wa ukanda huu ulijengeka miaka ipatayo 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa imepanda mita kadhaa juu ya usawa wa leo. Maji yalipopungua, mwamba ukabaki nchi kavu, mvua ikawa inayeyusha chokaa hapa na kuigandisha pale, hata matumbawe yakawa jiwe.

Wachonga mawe wanakata matofali yao, na kinachobaki chini ni kifusi. Ndani ya kifusi hicho mna vipande vizuri kuliko vito vingi vinavyopangwa kwenye meza za biashara, na karibu hakuna anayeviokota. Hapa naeleza namna ya kuchukua kipande kimoja na kukifanya kaboshoni, yaani kito chenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa, tayari kwa kidani au herini. Kazi karibu yote ni ya mkono. Hata umeme ukikatika mtaa mzima, unaendelea.

Jambo moja nataka lishikwe kabla ya mengine: uzuri wa kito hiki unaamuliwa mapema. Unaamuliwa pale unapochagua upande wa kukata jiwe, kisha pale unapohama kutoka msasa mmoja kwenda mwingine. Anayekimbilia kung'arisha ataishia kung'arisha mikwaruzo.

Ugumu wa jiwe na maana yake

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kutoka talki yenye 1 hadi almasi yenye 10. Kwa kipimo hicho kucha ya mtu ni kama 2.5, na kisu cha chuma ni kama 5.5. Tumbawe lililo hai hujenga mifupa yake kwa aragoniti, aina ya chokaa, yenye ugumu wa 3.5 hadi 4. Baada ya maelfu ya miaka aragoniti hiyo hugeuka kalsiti, aina nyingine ya chokaa, ambayo ni 3 tu. Akiki ya pete za wazee wetu inakaribia 7.

Tofauti hiyo ndiyo inayotuwezesha kufanya kazi bila mashine. Msasa wa maji una chembe za silikoni kabaidi, ambazo ugumu wake unapita 9, kwa hiyo unalila tumbawe kwa urahisi. Akiki ingekuchosha mkono kwa siku nyingi. Lakini ulaini huohuo una gharama. Vumbi la barabarani halikosi chembe za kwazi, madini ya mchanga wa kawaida, na kwazi ni 7. Pete ya tumbawe inayovaliwa kila siku itafifia haraka. Ushauri wangu ni kutengeneza kidani, herini au bizimu, vitu ambavyo havigusani na meza, ndoo na funguo.

Kama hujawahi kushika kazi ya aina hii, anza na jiwe la Kisii, lile la Tabaka linalochongwa visahani na wanyama. Maduka ya vinyago huwa na vilivyovunjika. Ni laini kuliko tumbawe, lina mawingu ya waridi, ya manjano na ya kijivu, na litaufundisha mkono wako kutengeneza mgongo wa mviringo kwa siku moja. Vumbi lake usilivute kabisa; mawe ya jamii hiyo mengine duniani yana nyuzi za asbesto ndani yake. Kila kitu kifanyike kwa maji.

Kutafuta kipande

Nenda machimboni mchana, jitambulishe, uliza mwenye eneo, na ulipe chochote mtakachokubaliana. Hiki ni kifusi cha mtu aliyetoka jasho. Wachonga mawe wenyewe watakuwa walimu wako wa kwanza, kwa kuwa wanajua tabaka lipi ni gumu na lipi linapukutika. Ukimwonyesha mmoja wao nyota unazotafuta, safari ijayo atakuwa amekuwekea.

Unatafuta kipande kizito kwa ukubwa wake. Kigonge kwa kipande kingine. Kikilia kwa sauti kali, ya juu, kimeganda vizuri. Kikitoa sauti butu kama mkate, kiache. Kisha dondoshea tone la maji mahali palipovunjika: tone likikaa juu kwa muda, jiwe limefungamana na litang'aa lenyewe, likinywewa mara moja, jiwe lina vitundu vingi na litahitaji gundi, jambo nitakalolieleza mbele. Halafu lilowanishe lote. Jinsi linavyoonekana likiwa na maji ndivyo litakavyoonekana likishang'arishwa, au karibu na hivyo. Kama likiwa bichi, yaani limelowa, halikuvutii, msasa hautalibadilisha.

Wenye jicho watatambua aina tatu za michoro. Tumbawe la jamii ya Porites lina vishimo vidogo sana, vya milimita moja hivi, vilivyosongamana. Kwa mbali linaonekana limetulia, kwa karibu linafanana na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Jamii ya Favites na ndugu zake zina maua makubwa ya sentimita moja hivi, kila ua na miale yake, na haya ndiyo yanayopendwa zaidi. Platygyra ina vijia vilivyopinda, visivyo na mwanzo wala mwisho. Pembeni mwa hayo utapata jiwe lililojaa vipande vya makombe na mchanga wa kale uliogandamana. Wengi hulitupa. Mimi nalithamini, maana likikatwa vizuri linatoa mchoro ambao hakuna mwingine ataupata.

Sasa, mahali pa kutookota. Usivunje tumbawe lililo baharini, hai au lililokufa. Mwamba ule ndio nyumba ya samaki na ndio ngao ya ufuo. Usichukue jiwe lolote kwenye magofu ya Takwa, wala kwenye mabaki ya mji wa kale wa Manda, wala kwenye kuta zilizobomoka za nyumba za Mji Mkongwe wa Lamu, ambao tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukikutana machimboni na kigae cha kale, ushanga, au mfupa ulioganda, mwite mtu wa makumbusho palepale Lamu. Vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006. Na kama unawaza kumuuzia mgeni atakayesafiri nje, waulize makumbusho kwanza, na umpe mnunuzi karatasi inayosema jiwe limetoka machimbo gani. Matumbawe ya sasa yanadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe kama haya, havimo katika udhibiti huo, lakini afisa wa uwanja wa ndege hana sababu ya kulijua hilo kwa kutazama tu.

Kutoa chumvi

Mwamba wa pwani umekunywa chumvi ya upepo wa bahari. Ukiufunika kwa gundi au nta chumvi ikiwa ndani, baada ya miezi utaona ukungu mweupe ukichomoza na kusukuma mng'ao wako. Kwa hiyo sugua kipande kwa brashi ngumu, kisha kiloweke kwenye ndoo ya maji matamu kwa wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima chenye chumvichumvi yafaa kwa siku za mwanzo tu. Baada ya hapo kikaushe kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Usikiweke jikoni wala juu ya jiko la makaa. Kalsiti ikipata joto hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, na jiwe hupasuka kwa ndani bila wewe kuona.

Kukata bamba

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, maana kosa la hapa halirekebishiki.

Tumbawe limejengwa na vijumba vingi virefu vilivyosimama bega kwa bega, kila kimoja kikiwa makao ya kiumbe mmoja. Ukikata kukingama vijumba, unaona vinywa vyake: nyota na maua. Ukikata kwa urefu wake, unaona kuta zake: mistari inayopanda, mara nyingine ikipanuka kama ukindu uliofunguliwa. Ukikata kwa mshazari, nyota zinavutwa na kuwa mayai. Jiwe ni lilelile. Watu wawili wakigawana kipande kimoja wanaweza kutoka na vito visivyofanana hata kidogo.

Basi kabla ya msumeno, ligeuze jiwe bichi mkononi pande zote. Tafuta uso wa juu wa tumbawe, ule uliokuwa ukitazama jua lilipokuwa hai. Mara nyingi una umbo la kuba. Maua yote yanaelekea huko. Bamba litakalokatwa sambamba na uso huo litakuwa na maua yaliyo wazi kabisa. Kwa Porites mimi hupendelea kukata kwa urefu, kwa sababu vishimo vyake ni vidogo mno kuonekana vikiwa vya duara, lakini mistari yake inasomeka. Tumbawe la jamii hiyo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kito cha milimita 30 kilichokatwa kwa urefu kimebeba takriban miaka mitatu ya bahari ya zamani.

Bamba liwe na unene wa milimita 7 au 8. Kwa mkono, tumia msumeno wa chuma, jiwe likiwa limebanwa kwenye jiliwa kati ya vibao viwili vya mbao laini, huku mwenzio akidondosha maji. Bleidi zitaisha upesi, hilo likubali. Njia ya mkato ni fundi taili mwenye mashine ya maji yenye diski ya almasi. Mpelekee mawe matano au sita kwa pamoja, yatakatwa kwa dakika chache, na simama naye umwonyeshe upande. Mwambie asukume polepole. Kasi huvunja ukingo wa bamba mwishoni. Grenda ya mkononi isiyo na maji siipendekezi hata kwa mzoefu: inatoa wingu la vumbi, na ukiimwagia maji unacheza na umeme.

Kuimarisha jiwe lenye vitundu

Kama tone la maji lilinywewa haraka, bamba lako litapukutika kwenye msasa. Lianike juani hadi liwe la uvuguvugu, si moto. Changanya gundi ya epoksi ya sehemu mbili kwa vipimo vya kopo lake, uipake upande mmoja, uiache inywewe, uongeze mpaka jiwe likatae. Uvuguvugu wa jiwe huifanya epoksi iwe nyepesi na izame zaidi. Vaa glovu, fanya kazi nje. Kisha subiri saa 24, hata kama kwa kidole unaona imekauka. Supaglu nyepesi yafaa kwa ufa mmoja au vishimo vichache, ila ni ghali kwa bamba zima.

Wengine wanatia rangi kwenye gundi ili vishimo vionekane vyeusi au vya buluu. Ni hiari ya mtu. Kwangu jiwe la Manda lenye weupe wa maziwa na kahawia ya asali halihitaji kusaidiwa.

Kuchora na kupunguza

Masonara wengi duniani hufuata vipimo vilivyozoeleka vya milimita: 18 kwa 13, 25 kwa 18, 30 kwa 22, 40 kwa 30. Kwa maua makubwa ya Favites chagua 30 kwa 22 au 40 kwa 30, vinginevyo utabaki na nusu ya ua. Kata tundu la kipimo hicho kwenye kadi ya plastiki, ulowanishe bamba, na utembeze kadi juu yake kama dirisha mpaka mchoro ukae unavyotaka. Ua moja katikati kabisa huwa zito. Lisogeze pembeni kidogo, uone jinsi kito kinavyochangamka.

Chora mstari kwa ncha ya waya wa alumini uliochubuliwa kutoka kwenye kebo. Penseli na kalamu vinaondoka na maji. Alumini haiondoki. Kisha kata nje ya mstari kwa msumeno, ukiacha milimita mbili, na ulainishe pembe kwa tupa ya zamani.

Kukishikiza kito kwenye kijiti

Kidole hakiwezi kushika jiwe dogo na kuligeuza sawasawa. Chukua msumari wa inchi nne wenye kichwa kipana, au kijiti kinene kama kalamu, na ugandishe tumbo la jiwe hapo kwa lakiri iliyoyeyushwa. Jiwe liwe na uvuguvugu wa jua, la sivyo lakiri haishiki. Paka lakiri mpaka ipande kidogo kwenye tumbo, lakini isifike kiunoni, yaani kwenye ukuta wa pembeni wa kito. Siku ya kulitoa, tia vyote kwenye friza kwa dakika kumi. Lakiri huwa kavu na jiwe huachia kwa kubinywa kidogo tu.

Kutoa umbo

Weka kipande cha kioo kinene juu ya meza, juu yake msasa wa maji namba 120, na beseni pembeni. Vaa barakoa hata kama ni kazi ya maji, kwa kuwa matone hukauka na kurudi kuwa vumbi.

Anza na kiuno, ule ukuta wima unaozunguka kito. Zungusha jiwe likiwa limesimama wima juu ya msasa hadi ufike mstarini. Kiuno kisiwe chini ya milimita moja na nusu, maana ndicho sonara atakachokishika. Ukikila chote, ukingo unakuwa mkali na utamegeka.

Kisha mgongo. Wanaoanza hulisugua jiwe huku na huku wakitumaini litakuwa duara, nalo hubaki bapa juu na limekatika pembeni. Utaratibu ni huu: inamisha kijiti kwa nyuzi 45 hivi na utengeneze mshazari mmoja unaozunguka jiwe zima, ukiacha kiuno chako. Inua kijiti, utengeneze mshazari wa pili juu ya ule wa kwanza. Inua tena, wa tatu, karibu na kilele. Sasa una ngazi tatu. Badilisha msasa kuwa 220, na kwa mwendo wa kubingirisha unaoanzia kiunoni na kuvuka kilele, zifute zile kona kati ya ngazi. Kausha mgongo, uchore mistari ya penseli juu yake na upitishe msasa mara moja: panapobaki penseli ni shimo, panapofutika kwanza ni kilima. Kitazame kito kwa ubavu, kikiwa mbele ya dirisha. Mstari wa mgongo uwe mmoja, usiokatika. Kilele bapa ndicho kasoro inayowasumbua wengi, na huonekana vizuri zaidi kito kikishang'aa, wakati umechelewa.

Msasa, na subira yake

Mfuatano wangu ni 220, 320, 400, 600, 800, 1200, 2000. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi 220 hadi 600 hupatikana kwa urahisi. Namba za juu waulize wanaouza rangi za magari au boti, au agiza Mombasa. Usiruke 320. Kati ya 220 na 400 ndipo mikwaruzo mirefu inapofutwa au inapobaki milele.

Kila namba ina kazi moja, nayo ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Kwa hiyo kila ukibadilisha, badilisha na mwelekeo: kama 220 ulikuwa unasugua kwa urefu, 320 sugua kwa upana. Mikwaruzo ya zamani itakatiza ile mipya na utaiona. Kausha kito kabisa kwa kitambaa, kielekeze kwenye mwanga unaotoka ubavuni, na ukichunguze. Maji hudanganya, jiwe bichi daima linaonekana limekwisha. Kama umekaa kwenye 400 na bado unaona mstari mmoja mrefu, rudi 320. Hakuna kiasi cha 2000 kitakachouondoa.

Kati ya namba na namba osha kila kitu: jiwe, kijiti, kioo, mikono, hata chini ya kucha. Chembe moja ya 220 iliyojificha kwenye lakiri itachora mgongo mzima ukiwa kwenye 1200. Weka ndoo mbili, moja ya suuza ya kwanza na ya pili ya maji safi.

Kuanzia 400, toa msasa kwenye kioo na uuweke juu ya kipande cha soli ya ndara. Mpira ule unabonyea na kuufuata mgongo, kwa hiyo hautengenezi vibapa. Lakini jiwe lililojazwa epoksi lina ugumu wa aina mbili, na soli laini itakula upande mmoja kuliko mwingine mpaka maua yasimame na vishimo vizame. Ukianza kuona hivyo, rudi kwenye kitu kigumu zaidi, mfano kibao kilichofungwa ngozi, na upunguze nguvu ya mkono. Msasa mpya ukali wake ni mwingi mno kwa namba za juu; usugue kwanza kwenye kipande kisicho na thamani.

Ukimaliza 600 kwa uaminifu, kito kitakuwa na mng'ao hafifu, wa hariri. Wengine huishia hapo, na kwa mawe ya vitundu uamuzi huo ni mzuri.

Uji mweupe unaobaki ndooni usiumwage mtaroni. Hutua na kuganda chini. Uache utuame, mwaga maji ya juu, kausha tope lake na ulitupe kwenye udongo.

Kung'arisha

Funga kipande cha ngozi ya kiatu cha zamani, au jinzi iliyochakaa, kwenye kibao. Wenye bahati watapata unga wa oksidi ya bati au wa alumina. Uchanganye na maji hadi uwe uji mwepesi. Asiye nao atumie krimu nyeupe ya kusugulia rangi ya gari. Nasisitiza nyeupe: ile nyekundu ya masonara huingia kwenye vishimo vya jiwe jeupe na haitoki tena. Dawa ya meno nimesikia ikisifiwa sana. Ina chembe za kusugua, kweli, lakini kwa jiwe lililofika 2000 mchango wake ni mdogo.

Sugua kwa miduara midogo, ngozi ikiwa na unyevu, si kulowa. Mng'ao hutokea pale ngozi inapoanza kukauka na kuvuta mkono. Ukihisi joto, acha jiwe lipoe. Osha, kausha, tazama, rudia. Mwisho paka nta ya nyuki kidogo sana kwa kidole, iache kidogo, na uifute kwa pamba. Nta inalinda jiwe na kuzidisha rangi yake. Haifichi mikwaruzo kwa zaidi ya wiki.

Tumbo la kito lisafishwe hadi 400, na kona yake ya chini ipigwe tupa laini kwa nusu milimita tu, ili kito kikae vizuri ndani ya fedha na kisimegeke kikibanwa.

Kwa sonara

Lamu tuna bahati. Masonara wetu kwa miaka mingi wamekuwa wakivalisha fedha vipande vya vyombo vya kale vya kauri na kuvifanya pete, kwa hiyo kukizungushia fedha kitu kisicho cha kawaida si kazi ngeni kwao. Hata hivyo kauri imepikwa kwenye tanuri. Tumbawe halijui moto. Mweleze sonara kwa heshima mambo mawili: kikombe cha fedha kilehemiwe na kumalizika kabisa kabla jiwe halijaingia, na fedha ikishachovywa kwenye tindikali ya kusafishia isuuzwe vizuri, maana tindikali hula kalsiti papo hapo. Ukitaka kujua jinsi inavyokula, kamulia ndimu kwenye kifusi uone povu.

Ukuta wa kikombe uwe wa fedha safi na mwembamba, kwa sababu hupinda bila kulazimishwa. Fedha ngumu inataka nguvu, na nguvu huvunja kiuno. Mwache sonara apime jiwe lenyewe, usimpe vipimo vya karatasi. Kama jiwe ni jembamba na mwanga unapita, mwombe aache tundu nyuma ya kikombe.

Mvaaji naye aelezwe. Kidani kivuliwe kabla ya kuoga, kabla ya kujipaka manukato, na kabla ya kuandaa samaki kwa ndimu. Jasho si adui mkubwa kama atakifuta jioni. Kisafishwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kikaushwe, kihifadhiwe peke yake kwenye kitambaa. Kikififia baada ya mwaka au miwili, zungushia fedha tepu ya karatasi, pitisha 2000 ya maji kwa wepesi, kisha ngozi na krimu, na mng'ao utarudi bila kukitoa kwenye kikombe.